Maneno ya Wimbo wa Luciana

Milanzi, Sumbawanga
12 Februari 2005

Shemeji Mayunga,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini u mzima na watu wa Mwanjelwa bado wanagombania viti kwenye hiyo kafe yako ya intaneti. Mimi afya ninayo. Mahindi ya majirani yameanza kutoa mbelewele, mvua haikosi mchana, na umeme unakatika unapojisikia.

Bahasha hii nimemkabidhi kondakta wa basi. Ndani mna sidii. Usishtuke ukiisikiliza, maana siyo kwaya. Kazi yangu ni kurekodi kwaya na harusi, lakini unajua ninavyopenda roki ile nzito ya magitaa ya kukwaruza, tangu mwalimu wa useremala wa misheni alipoondoka akaniachia kanda zake. Mji mzima huu sijapata mtu wa pili wa kuisikiliza. Dada yako ndiye aliyekuwa akinivumilia. Alisema inafanana na mashine ya kusaga iliyokosa mafuta, halafu anakaa palepale mpaka mwisho.

Sasa kuna mashindano kwenye mtandao. Watengenezaji wa muziki huo wanajiandikisha kutoka nchi mbalimbali, waandaaji wanapiga kura kuwapanga wawili wawili, na kila jozi inatunga wimbo mmoja bila kuonana. Huyu anatuma ngoma, yule anaongeza gitaa, wimbo unakwenda na kurudi hadi ukamilike. Kisha washiriki wenyewe wanachagua ulio bora. Mimi nimejiandikisha. Shida ni kwamba laini ya hapa haibebi kitu. Nilikaa asubuhi nzima, wimbo ukagoma kupanda. Kwako ni rahisi, nakuomba unipandishie, na majibu ya Kiingereza unisomee vizuri, maana changu ni cha kubahatisha.

Tangu tumzike mwanetu Luciana mwezi wa nane, na dada yako Minza kurudi kwa wazazi wenu Mtowisa, nyumba hii imekuwa kubwa mno. Ukipata habari zake nijulishe. Sijamwandikia. Sijui nianzie wapi.

Ni mimi shemeji yako,
Vitus


Mwanjelwa, Mbeya
3 Machi 2005

Shikamoo shemeji Vitus,

Hali yangu siyo mbaya, ila mafua ya Mbeya yameniandama. Na wewe je, kifua kimepona? Unakula vizuri? Mama ananiuliza kila mara kama unapika au unashindia chai.

Sidii imefika salama. Nilipoicheza hapa kazini wateja walidhani spika imepasuka. Nikawaambia huyo ni shemeji yangu, wakanyamaza kwa heshima. Nimeipandisha.

Kura imekupa mtu wa Finland, jina lake Jari. Anaendesha gari la kuzoa theluji barabarani, na anasema huko kwao katikati ya majira ya baridi jua linaonekana kidogo tu. Amezipenda ngoma zako. Anasema zinatembea kama mtu aliyebeba mzigo. Gitaa lake nimelichoma kwenye sidii, liko humu.

Habari za dada nimezipata kwa Enock, yule dereva wa lori la mpunga. Ni mzima, anamsaidia mama shambani. Amekonda. Enock alimuuliza atarudi lini Sumbawanga, akasema ameondoka kwa sababu alikuuliza neno moja na hukumjibu. Neno lenyewe hakulitaja, na mimi nimeona siyo mahali pangu kuchimba.

Nakutakia nguvu,
Shemeji yako mdogo,
Mayunga


Milanzi
10 Aprili 2005

Shemeji Mayunga,

Habari za mafua? Chemsha majani ya mkaratusi ujifukize. Mimi sijambo, na Pasaka imepita. Nilirekodi kwaya zote za parokia, nikarudi nyumbani nikapika ugali, nikajikuta nimepika wa watu watatu.

Nashukuru kwa kile kikaratasi chako cha juzi chenye habari kwamba raundi ya kwanza tumevuka. Nilifurahi nikatafuta mtu wa kumwambia. Nilitoka hadi barabarani, nikasimama, nikarudi ndani.

Jari anajua kazi. Nyuzi zake amezilegeza hadi zinaunguruma chini kabisa, na anajua kuacha nafasi. Nikifungua alichotuma naona kama kuna mtu amekaa chumba cha pili. Ameuliza kama tuna theluji huku. Mwambie hatuna, ila kuna upepo wa mwezi wa sita unaopita uwanda mzima bila kukutana na mti.

Majirani wameanza kulalamika kelele. Wiki iliyopita katekista Felisian, yule mzee mpole aliyetupa mafundisho ya ndoa mimi na Minza, alikuja akakaa nje akasikiliza wimbo wote. Nilidhani atanikemea. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, kama humo ndani naomboleza au nagombana na mtu. Nikaingia ndani nikamletea kikombe. Alikunywa maji akaenda zake.

Neno la dada yako liache kwanza. Naomba usiniulize.

Shemeji yako,
Vitus


Mwanjelwa
18 Mei 2005

Shikamoo shemeji,

Mafua yamekwisha, majani yamesaidia. Nitaandika kifupi, kafe imejaa.

Mmeingia fainali. Wewe na Jari. Nimelisoma tangazo mara nyingi kuhakikisha. Mmewaacha watu wa nchi ambazo hata sijui ziko upande gani wa dunia.

Ila fainali ina sharti jipya: lazima wimbo uwe na maneno. Lugha yoyote inakubalika, mradi tafsiri ya Kiingereza ibandikwe chini yake. Mwisho wa kutuma ni Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita. Jari amesema uimbe wewe, kwa lugha yako. Na ameuliza swali. Anasema tangu mwanzo anapiga gitaa juu ya kitu asichokijua, na sasa angependa kujua wimbo huu unamhusu nani.

Nisubiri maneno ya Kiswahili au ya Kifipa?

Shemeji yako mdogo,
Mayunga


Milanzi
2 Juni 2005

Shemeji Mayunga,

Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Huku upepo umeshaanza, na ulezi unavunwa. Mimi nimo.

Sidii ya sauti yangu iko humu. Maneno ni machache. Haya yanayofuata umtafsirie Jari, maana ameuliza kiungwana, na mimi Kiingereza cha kuyasema sina.

Mwambie wimbo ni wa binti yangu Luciana. Alikuwa na homa, tukawa hospitalini siku kadhaa. Mama yake alikuwa hajaketi wala kulala. Asubuhi ile mtoto alionekana ametulia, nikamwambia Minza aende jiko la wauguzaji akamchemshie uji. Alipotoka tu, Luciana alifumbua macho akaniuliza, “Mama yuko wapi?” Nikamwambia, “Anakuja.” Akaangalia mlango. Akauliza tena, nikamjibu vilevile. Baada ya hapo hakuuliza.

Minza alirudi ameshika kikombe. Kabla hata hajalia aliniuliza mtoto amesema nini. Nikamwambia hakusema kitu. Hadi anaondoka alinirudia na swali hilohilo wiki kwa wiki, akinitazama machoni, na mimi nikimjibu hakusema kitu. Anajua siyo kweli. Lakini ningemwambiaje kwamba mtoto alikuwa anautazama mlango?

Kwa hiyo maneno ya wimbo ni hayo. Mwanzoni gitaa dogo, polepole, nauliza mama yuko wapi. Halafu magitaa yote ya Jari na ngoma zangu zinaingia, na mimi napiga kelele kadiri koo linavyoweza kwamba anakuja. Mwambie Jari pale asizuie kitu.

Kwake naweza kulisema hili kwa sababu hamjui Minza.

Shemeji yako,
Vitus


Mwanjelwa
11 Juni 2005

Shikamoo shemeji,

Sijui nikuulizeje hali leo. Natumaini Mungu anakushika.

Nilikaa kutafsiri. Nikaandika mistari ya mwanzo, nikafika kwenye mlango, nikashindwa. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu nikatoka nje.

Shemeji, mimi ni mjomba wa Luciana. Nimemjua akiwa mchanga. Haya nimeyajua sasa, kwa sababu tu nimeombwa Kiingereza. Na baada yangu wewe ulitaka ayajue Jari, na baada ya Jari wote walioko kwenye yale mashindano, waandike chini yake kwamba wimbo ni mzuri. Dada yangu yuko Mtowisa anapeta mpunga hajui.

Sauti yako nimeisikiliza mara moja. Sitaisikiliza tena, na sitaipandisha. Wewe ni mkubwa kwangu na sijawahi kukukatalia jambo. Hili nakukatalia. Siwezi kumwandikia dada mimi, siyo langu, na siyo neno la barua. Nenda Mtowisa umwambie kwa mdomo wako. Akishasikia yeye, ukinambia tafsiri nitatafsiri, hata kama ni siku ya mwisho.

Kama nimekuvunjia heshima nisamehe.

Mdogo wako,
Mayunga


Mwanjelwa
24 Juni 2005

Shikamoo shemeji,

Habari za siku? Sijapata jibu lako. Kondakta alisema barua yangu alikupa mkononi, ukaisoma ukiwa umesimama palepale stendi, ukaikunja ukaondoka. Safari iliyofuata alikuta mlango wako umefungwa, na jirani hajui ulikokwenda.

Keshokutwa ndiyo Jumapili ya mwisho. Jari ameandika mara mbili. Gitaa lake liko tayari, ameacha pale mwanzoni pembamba kwa ajili ya sauti yako. Nimemwambia umesafiri.

Sina amani. Nawaza labda ningefanya tu ulichoniomba. Ulikuwa umepata mtu wa chumba cha pili, na mimi nimeufunga mlango. Ukipata barua hii niandikie hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Mayunga, mdogo wako


Mtowisa, Bonde la Rukwa
6 Julai 2005

Shemeji Mayunga,

Salamu kutoka nyumbani kwenu. Baba na mama hawajambo, ng'ombe wamenenepa, na joto la huku linanimaliza. Mimi ni mzima. Barua hii ataibeba Enock hadi Sumbawanga, aiweke kwenye basi la Mbeya.

Hukunivunjia heshima. Nilikasirika, ni kweli, nikatembea mjini nikikujibu moyoni. Halafu nikaona kila jibu langu linaishia mahali pamoja. Nikapanda lori la Enock. Kule kwenye mteremko breki zilitoa harufu, abiria wakashuka wakatembea, mimi nikabaki juu nimeshikilia ubavu wa lori.

Nilipofika, mama mkwe alinitengea maji ya kuoga bila kunitazama. Baba mkwe alinipa kigoda. Hakuna aliyeniuliza nimefuata nini. Minza alinisalimia kama mgeni wa wengine, akaendelea na kazi. Nikabeba magunia ya mpunga siku moja, nikabeba siku ya pili, jioni nakaa na baba mkwe tunazungumza habari za malisho. Kila nikimkaribia Minza najitwisha gunia jingine. Jumapili ya mwisho ilinikuta hukuhuku. Nilikumbuka mashindano mchana, wakati tunafunga magunia, na siyo kwa muda mrefu.

Kesho yake nilimkuta uani peke yake anapeta. Nikachuchumaa upande wa pili wa ungo nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia. Hakuacha kupeta. Nilipofika kwenye mlango mikono yake ikasimama.

“Kwa hiyo aliniita,” akasema.

Nikamwambia alimwita.

Akasema miezi yote hii alijua ninamficha kitu, na alikuwa ameshajiaminisha kwamba mtoto alimkataa, kwamba alisema kitu kibaya juu ya mama aliyemwacha. Kisha akauliza, “Na wewe ulimwambia nini?”

“Nilimwambia unakuja.”

Akalia, Mayunga. Nilikuwa sijamwona akilia tangu makaburini. Nililia na mimi, mchele umetapakaa, kuku wanaula hatuwafukuzi. Baadaye akajifuta na kanga akasema, “Basi hukumdanganya. Nilikuwa njiani nakuja.”

Nilimweleza habari za wimbo na za Jari. Alisikiliza vizuri. Hataki upandishwe, na mimi pia sitaki tena. Mwambie Jari nimejitoa na samahani kwa muda wake. Gitaa lake alitumie kwa wimbo mwingine, ni zuri mno kupotea. Kama bado anataka kujua ulimhusu nani, mwambie ni mtoto wangu, jina lake Luciana. Hilo linatosha, na Minza amelikubali.

Usifikiri narudi naye. Amesema ile nyumba hawezi kuiingia bado, na sikumbembeleza. Kesho napanda lori peke yangu. Nitapika ugali wa mtu mmoja, nitarekodi kipaimara, upepo utakuwa uleule. Jari hatakuwepo chumba cha pili.

Nilipoaga alinisindikiza hadi kwenye zizi, akaniambia nikifika nimwandikie. Nikamuuliza niandike nini. Akasema niandike maneno yote ninayoyakumbuka ya Luciana, hata ya kijinga, na yeye ataniandikia yake, maana kila mmoja wetu anayo ambayo mwenzake hakuyasikia.

La kwanza ninalo tayari. Gitaa langu alikuwa akiliita mbuzi wa baba, kwa sababu limefungwa kamba na linalia.

Shemeji yako,
Vitus