Kompyuta ya Mkamwana

Isongole, Ileje
2 Machi 2009

Kwako Mama Blessing,

Bwana Yesu asifiwe. Natumaini hamjambo hapo Tunduma na kwamba kile kikohozi cha mjukuu wangu kimekwisha. Huku tunaendelea. Mama Tuntufye anasumbuliwa na goti lake lilelile, mvua haikati, na mahindi yamerefuka mpaka nyumba ya jirani siioni tena, jambo ambalo halinisikitishi sana.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Hata mimi mwenyewe nimeshtuka. Tangu Tuntufye akuoe, miaka minne sasa, kila neno langu kwako limepita kwake au kwa mama yake, kwa kuwa kwetu mkwe na mkamwana hawaonani wala hawasikiani. Lakini Tuntufye yuko na lori lake kwenye foleni ya mpakani Kasumbalesa na simu yake haipatikani. Mama yake nilimtuma akupigie, akapanda kilimani kutafuta mtandao, akarudi na maelezo ambayo hata yeye hakuyaelewa. Nikipiga mimi nitaisikia sauti yako, na hilo haliwezekani. Nikaenda kwa kaka yangu Abrahamu, mkubwa wa ukoo. Akafikiri, akasema barua haina uso wala sauti, kwa hiyo niandike.

Kompyuta uliyoniundia imefika. Mama Tuntufye aliipakata njia nzima kutoka njiapanda ya Mpemba, akakataa hata kushuka wenzake waliposhuka kusukuma gari kwenye tope. Tumeiweka katika kile chumba cha barabarani, nikaazima jenereta ya kanisa. Tukiwasha, taa ya kijani inawaka, feni inavuma, lakini skrini inaandika kwa Kiingereza kwamba haipati ishara yoyote, kisha inakuwa nyeusi. Waya wa skrini niliuchomeka mwenyewe na skrubu zake nikazikaza. Printa nayo imekaa tu inatutazama.

Sababu ya kuhangaika unaijua. Mitihani ya majaribio ya shule za kata yetu huchapwa mbali, na kila mwaka inavuja njiani. Niliwaambia walimu wakuu waniletee mimi. Wanakutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi kuamua, na watataka kuona mashine inafanya kazi. Tangu nistaafu ualimu naamka asubuhi, navaa shati, nafunga viatu, halafu nakumbuka sina pa kwenda. Kazi hii naitaka sana, Mama Blessing. Nakwambia wazi bila kuona haya.

Nisaidie.

Ni mimi mkweo,
Baba Tuntufye


Tunduma
5 Machi 2009

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika mikononi mwangu salama. Blessing amepona, anakula na kuvunja vitu kama kawaida. Pole kwa Mama na goti lake, namtumia dawa ya kuchua kwa kondakta huyuhuyu wa basi aliyeileta barua yako.

Baba, nilipoona jina lako nyuma ya bahasha nilipiga magoti palepale kwenye kibanda changu cha ufundi, nikaisoma hivyohivyo mpaka mwisho. Mteja mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyeleta simu yake akadhani nampigia magoti yeye. Akasema "natotela, natotela", yaani asante, na kuongeza bei bila kuombwa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wetu. Mashine hiyo ilipoondoka hapa ilikuwa inawaka vizuri, niliijaribu mbele ya Conjesta wa duka la jirani. Kama feni inazunguka, basi umeme unaingia, jenereta ya kanisa msiishuku. Nadhani ni ile barabara. Mtikisiko hulegeza kitu kinachoitwa RAM, ambayo ndiyo kumbukumbu ya mashine, na ikilegea kidogo tu skrini haioni kitu.

Zimeni kila kitu na chomoeni waya wa umeme. Fungueni ubavu wa boksi. Kabla ya kugusa chochote ndani, shikeni kwanza chuma cha boksi, maana mwili wa mtu una umeme wake mdogo ambao mashine haiupendi. Mtaona kibao chembamba kirefu kimesimama, kina vishikio viwili vyeupe kwenye ncha. Vifungueni, kitoeni, futeni meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, mkirudishe na kukikandamiza mpaka vishikio vilie "tak" vyenyewe. Msiogope kukikandamiza. Watu wengi hukosea kwa huruma.

Baba, hii ni kompyuta ya kwanza kuiunda toka mwanzo mpaka mwisho kwa ajili ya mtu wangu. Vipande vyote nilivichagua mwenyewe ng'ambo. Silali mpaka iwake.

Mkamwana wako,
Mama Blessing


Isongole
11 Machi 2009

Mama Blessing,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako. Sisi wazima. Dawa imefika na Mama Tuntufye ameipaka mpaka nyumba nzima inanukia kama zahanati. Anasema Mungu akubariki.

Tumefanya kama ulivyoagiza. Mimi nilisimama mlangoni nikisoma barua kwa sauti ya darasani na Mama Tuntufye ndiye aliyefanya. Alikitoa kile kibao kama anayetoa yai chini ya kuku mkali. Akakifuta, akakirudisha, akakandamiza. Kililia "tak" mara mbili, tukashangilia. Tukawasha. Nyeusi.

Tukarudia. Nyeusi.

Kwa bahati mbaya Mwalimu Ezron alikuwa anapita, naye ni mmojawapo wa walimu wakuu wanaoamua. Akachungulia, akauliza, "Mwalimu, hiyo umenunua kompyuta au umenunua feni?" Nikacheka, maana ni neno zuri, lazima nikiri. Lakini akaongeza, "Ndiyo shida ya kumpa mwanamke kazi ya fundi." Hapo sikucheka. Nilimwambia aliyeiunda ni mke wa mwanangu, na kama mashine haiwaki basi kosa liko huku kwetu na tutalipata. Sina ushahidi wa jambo hilo, ila niliona ni vizuri kulisema.

Kuna jingine. Mama Tuntufye anaondoka kesho kwenda Ndalambo, dada yake anaumwa. Hivyo mikono ya kufungulia boksi haitakuwepo. Mimi waya za nje nachomeka, lakini vya ndani, ulivyovipanga kwa mkono wako, sivigusi, na hilo usinilaumu, ndivyo nilivyolelewa.

Fikiria tena, mama. Ijumaa ya mwisho haiko mbali.

Mkweo,
Baba Tuntufye


Tunduma
14 Machi 2009

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mimi nimekonda kwa mawazo. Nampa pole mama mdogo wa Ndalambo. Asante kwa ulichomjibu Mwalimu Ezron. Nimeisoma sehemu ile mara nyingi kuliko ninavyopaswa.

Nimeunda upya mashine ya aina ileile mezani hapa, nikawa naiharibu makusudi, sehemu moja baada ya nyingine, nione ni kosa gani linaleta weusi kama wenu. Leo asubuhi nimelipata. Ni waya wa skrini!

Nyuma ya boksi kuna matundu mawili ya bluu yanayofanana kabisa. Moja liko juu, katikati ya matundu mengine. Hilo lilikuwa limechoka tangu Nakonde, kwa hiyo niliongeza kadi ya picha, na tundu la kadi ndilo lile la chini lililolala pembeni. Tangu kadi iingie, tundu la juu limekufa kabisa, halitoi picha hata ukiliombea. Waya unatakiwa uwe chini.

Lakini Baba, hapa ndipo ninapochanganyikiwa, maana niliweka alama. Nilichana kipande cha khanga yangu ya zamani na kukifunga kwenye tundu la chini, ili yeyote atakayefungua mzigo aone na kujua kwamba hapa ndipo pa kuchomeka. Kilidondoka njiani? Nitazamie, kisha uhamishe waya. Ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Mkamwana wako,
Mama Blessing


Tunduma
25 Machi 2009

Baba,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba kimya hiki ni cha mvua na si cha ugonjwa. Kondakta anaapa kwamba barua ya tarehe kumi na nne alikupa mkononi, akaniambia uliisoma ukiwa umesimama, ukaikunja, ukaondoka bila kumuaga. Si kawaida yako, yeye mwenyewe alishangaa.

Kama nimekosea kukuandikia vile, nisamehe. Labda nimekuamuru kama ninavyoamuru wateja. Labda kuna jambo nimelivunja bila kujua.

Ijumaa ni keshokutwa. Nimewaza hivi: kesho nipande gari la kwanza. Wewe shinda shambani kwa Baba mkubwa Abrahamu, mimi niingie chumba cha barabarani, nihamishe waya, niondoke na gari la mchana. Hutaniona wala kunisikia, hata nyayo zangu nitazifuta. Nijibu kwa kondakta, hata kwa neno moja.

Mkamwana wako mwenye wasiwasi,
Mama Blessing


Isongole
30 Machi 2009

Mwanangu,

Barua hii nimeichapa. Nimetumia vidole viwili, tena kwa nusu siku, uniwie radhi kwa makosa. Afya yangu nzuri sana, nzuri kuliko ilivyokuwa mwaka mzima. Mama Tuntufye amerudi jana, dada yake anaendelea vizuri.

Kondakta hakusema uongo. Niliondoka bila kumuaga kwa sababu nilikuwa najicheka na kujionea aibu kwa pamoja. Kipande chako cha khanga hakikudondoka. Nilikiona siku ya kwanza kabisa, na nilikijua, maua ya rangi ya chungwa, ndiyo khanga inayokatiza nyuma ya nyumba mnapokuja Krismasi. Nikajisemea, tazama adabu ya mkamwana wangu, amefunga nguo yake pale ili mkwe wake ajue asiguse. Nikachomeka tundu la juu na kukushukuru moyoni. Wewe unaniita niingie, mimi nasikia unanizuia.

Baada ya barua yako nilikuwa najua dawa na siwezi kuinywa, kwa kuwa nguo ya mkamwana mkwe haigusi. Kumwita jirani nilikataa: mgeni ashike nguo yako huku mimi nasimama mlangoni? Mama Tuntufye alikwama Ndalambo, mito imejaa. Nikaenda kwa Abrahamu. Akaniambia, "Yesaya, sikukatazi. Ila ukishika nguo ya mkamwana umeufungua mlango, na mlango huo haufungwi tena. Usije ukarudi hapa kuniambia ilikuwa bahati mbaya." Ndicho nilichokuwa nakiwaza siku zote zile. Si kwamba nilikuwa naogopa laana. Nilikuwa naogopa kwamba baba yangu, na baba yake, waliishika heshima hii mpaka kaburini, na mimi niivunje kwa ajili ya mashine.

Barua yako ya mwisho ilinikuta Jumatano ileile jioni. Nikasoma pale unaposema utafuta hata nyayo zako. Nikaona hapana, na neno hilo moja ndilo nililompa kondakta akuletee. Mtoto aliyeniundia kitu kwa mikono yake aje kwangu kama mwizi na kuondoka kama mwizi, halafu hiyo niiite heshima? Nikaenda chumba cha barabarani peke yangu, nikakisogeza kile kitambaa kwa vidole vyangu, nikahamisha waya.

Ikawaka. Ikaja picha ya Blessing imejaa skrini nzima, anacheka, ameshikwa kiunoni na mikono ya mtu. Nikaelewa ulivyofanya. Ulikuwa kwenye picha, ukajikata, usije ukavunja mwiko ndani ya mashine. Imebaki mikono yako tu. Nimeitazama mikono hiyo kwa muda mrefu, mwanangu, na nimelia, na sijali nani anajua.

Ijumaa walimu wakuu walikuja. Niliwachapia ukurasa wa hisabati mbele ya macho yao. Ezron aliusoma juu mpaka chini akitafuta kosa, akapata moja, na lilikuwa kosa lake mwenyewe kwenye swali. Mitihani ya kata nzima imekuja kwangu. Leo asubuhi nimevaa shati, nimefunga viatu, na nimekwenda kazini.

Nimemwambia Abrahamu kwamba mlango nimeufungua mimi, kwa kusudi. Amekubali. Kwa kawaida ya ukoo wetu natakiwa kukupa nguo mpya, nawe upike tule chakula kimoja, basi, mambo yamekwisha. Khanga Mama Tuntufye ameshakuchagulia. Njoo Jumamosi ya Pasaka na mwanao. Tuntufye akiwa bado kwenye foleni, tutamwekea chakula chake.

Na sasa naandika jina lako, ambalo mdomo wangu haujawahi kulitamka: Sekela. Mama Tuntufye amenisikia nikilijaribu, akasema nalisema vizuri.

Baba yako,
Yesaya


Tunduma
3 Aprili 2009

Baba,

Tumepokea. Wote wazima. Siwezi kuandika mengi, karatasi inalowa, na Conjesta amekuja mara mbili kuuliza nani amefariki.

Tuntufye amevuka mpaka jana usiku. Nilimpa barua yako, akaisoma amekaa kwenye ngazi ya lori, akaikunja, akaenda kuoga. Tutakuja wote watatu. Nitapika kuku, maana ndicho ninachokiweza bila kukosea. Mwambie Mama asinisaidie, nataka mkono uwe wangu.

Tatizo langu ni moja tu. Kwenye barua mimi ni hodari. Lakini nitakapoingia na kukukuta umekaa, sijui nitaangalia wapi wala nitaanza na neno gani. Tangu jana najaribu maneno nikiwa peke yangu kibandani. Nimeandaa shukrani ndefu, nimeisahau. Nimeandaa sala, imekuwa ndefu mno. Mwisho nimeona niseme "shikamoo" tu, kama watoto wengine wanavyowasalimia baba zao kila asubuhi.

Nitaisema kwa sauti ndogo, kwa sababu ya hofu. Wewe, naomba uitikie kwa sauti kubwa.

Mwanao,
Sekela