Banda Langu Limehamia Uani kwa Akida

Alhamisi, Mfungo Mosi. Mvua tangu alfajiri.

Nimerudi nyumbani jana adhuhuri, baada ya siku kumi na moja gerezani. Naandika nimelala kifudifudi kwenye mkeka, maana mgongo haukubali kuegemea kitu. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya vipimo vya milango na vitanda. Leo sina mlango wala kitanda cha kupima.

Uani kuna mashimo tisa yamejaa maji. Hapo ndipo lilipokuwa banda langu la useremala.

Nataka niliandike lilivyokuwa kabla sijalisahau, au kabla hasira haijaligeuza likawa kitu kingine.

Miaka yote nilifanya kazi barazani. Mvua ikinyesha, mbao zinalowa. Jua likiwaka, zinapinda. Mke wangu Mwanaidi alikuwa akiokota maranda kwenye mchele, mpaka siku moja akaniambia, "Bwana, chagua. Randa lako au chungu changu." Nikacheka, lakini kipupwe kilipoingia nikaanza. Wajomba zake ni wakata boriti kule Nyamisati, ndani ya mikoko. Wakanichagulia nguzo tisa zilizonyooka, ngumu hata msumari haupiti. Tulizibeba mabegani mpaka hapa Kibiti, safari ya siku mbili, mie na shemeji yangu Mfaume, mume wa dada yangu Zaina, pamoja na vijana wa wajomba.

Mfaume ni fundi mwenzangu. Kazi tulifundishwa pamoja, chini ya mtu mmoja, na kwa miaka saba tumekula kwenye sinia moja. Yeye alichimba mashimo, mie nikashika timazi nguzo zisiiname. Tuliezeka makuti mawili mawili ili lisivuje. Upande wa kusini tukakandika ukuta kuzuia mvua ya upepo, pande nyingine tukaziacha wazi, mwanga uingie. Kisha tukapasua gogo la mninga kwa msumeno wa watu wawili, yeye juu mie chini, nikila vumbi lake, tukapata ubao mpana wa meza ya kazi. Miguu ya meza tuliichimbia ardhini isitikisike.

Hapo tukagombana. Mfaume ni mrefu, na meza aliitaka ifike kiunoni kwake. Nikakubali. Tangu siku ile nilikuwa nikisimama juu ya kipande cha ubao ili nifikie kazi kwenye meza yangu mwenyewe, na sikuona vibaya. Nilimpenda.

Ukutani nilipigilia ubao wenye matundu, kila patasi na tundu lake, tezo hapa, keekee pale. Siku tuliyomaliza nilikaa tu ndani, sikufanya kazi yoyote. Nilinusa mninga. Nilijiona mtu.

Paa lilikuwa halijapata mvua hata moja tuliposikia kwamba huko Umatumbi vita vimeanza. Vita vya maji, watu walisema. Watu wamekunywa dawa, wameng'oa pamba ya Wadachi, na risasi haziwapati. Sisi hatukunywa. Tulisema sisi ni mafundi, tunatengeneza milango ya yeyote mwenye nyumba.

Sasa nakiri jambo ambalo hata Mwanaidi hakulijua.

Siku moja, nikizoa maranda chini ya meza, niligusa kitu kigumu. Kitako cha bunduki, cha gobore, kimechongwa vizuri, bado hakijapakwa mafuta. Mkono wa Mfaume naujua kama naujua mwandiko wangu. Nilipomuuliza, akasema, "Cha mwindaji mmoja wa Umwe, shemeji. Nguruwe wanamaliza mihogo yake." Nilijua si kweli. Nikakirudisha chini na kukifunika maranda kwa mguu.

Kwa hiyo sikuwa mtu asiyejua. Nilikuwa mtu aliyefunika.

Askari walikuja Jumapili asubuhi, sita, na karani wa akida, mtawala wetu wa Kibiti chini ya Wadachi. Nilikuwa peke yangu bandani, napiga randa mguu wa kitanda. Hawakuuliza kitu. Hawakupekua nyumba, hawakuinua hata mkeka. Mmoja alipanda juu ya meza kwa viatu vyake, akaingiza mkono kwenye makuti kona ya kusini, akatoa vitako viwili. Nilishangaa kuviona pale, lakini sikushangaa kwamba alikwenda pale pale moja kwa moja. Hilo sikuliwaza. Nilikuwa naogopa mno kuwaza.

Gerezani waliniuliza swali moja tu. "Mwenzako nani?"

Nikasema sina mwenzangu. Wakanipiga hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Siku ya nne wakaniuliza tena, nikasema sina, wakanipiga tena hamsa ishirini. Nikiwa nimelazwa pale, nilikuwa namwona dada yangu Zaina amevaa nguo za eda, na watoto wake wawili. Mama alipofariki Zaina alikuwa bado ananyonya. Mie ndiye niliyemlea kwa uji na maziwa ya mbuzi ya kuombaomba. Nikauma kitambaa, sikumtaja mumewe.

Sijisifu. Mara ya tatu sidhani ningeiweza.

Jana karani akaja mlangoni, akaniambia niinuke. "Shemeji yako amekuombea kwa akida. Jumamosi utaanza kazi chini yake." Machozi yalinitoka. Njia nzima kurudi nyumbani nilikuwa namwombea dua Mfaume.

Nilipofika uani na kukuta mashimo, nilidhani askari wamelivunja banda na kulichoma. Mwanaidi alinipashia maji, akanipaka mafuta ya nazi mgongoni, akaniacha nilale. Leo asubuhi, baada ya uji, akakaa mbele yangu.

"Siku moja kabla hawajaja kukuchukua," alisema, "nilikuwa jikoni nasuka ukili. Wewe ulikuwa umekwenda kwa mteja. Mfaume akaja na karani. Hawakujua kama nipo. Mfaume akasimama pale, akamwonyesha paa kwa kidole."

Nikamwambia amekosea.

"Sikukosea. Na ulipochukuliwa, kesho yake alikuja na watu wanane wakaling'oa banda lote, nguzo hata fito. Nikamuuliza unalipeleka wapi? Akasema nalihifadhi."

Nilivaa kanzu ingawa inachoma mgongo, nikatoka na mvua ile ile mpaka kwa akida.

Banda langu limesimama nyuma ya nyumba yake. Limesimama vizuri, nguzo tisa, makuti yangu, ubao wenye matundu na patasi zangu kila moja mahali pake. Meza walishindwa kuing'oa, wakaikata miguu usawa wa ardhi, kisha wakaichimbia upya hapa. Imepungua kimo. Nilisimama karibu nayo nikaona sasa inanifika mie kiunoni sawasawa, na Mfaume, aliyekuwa akipiga randa, amepinda mgongo kama mzee.

"Shemeji! Umerudi. Alhamdulillahi."

"Vile vitako vilikuwa vya nani, Mfaume?"

Akaweka randa chini. Akatazama nyuma yangu kama kuna mtu. "Punguza sauti."

"Nimepigwa hamsa ishirini mara mbili na sikukutaja jina."

Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa jambo jipya kabisa.

"Hukunitaja?" akauliza.

"Sikukutaja."

"Mie nilijua utanitaja siku ya kwanza," alisema polepole. "Ndiyo maana nikawahi."

Ndiyo maana nikawahi.

Nimekaa na neno hilo kutwa. Miaka saba ya sinia moja, na yeye alikuwa ameshanipima na kuona kwamba nitamuuza, basi akaniuza yeye kwanza. Viboko havikuniuma hivi.

Akaendelea kusema, maneno yakimtoka mbio. Kwamba mtu wa Nyamwage alikamatwa na gobore, akasema kitako kilitoka bandani kwetu. "Kwetu, shemeji, wawili. Ilibidi mmoja aende, mmoja abaki. Mie nina watoto." Akanishika mkono. "Lakini nimekutoa au sikukutoa? Ungekuwa bado mle. Sasa tuna kazi ya akida, hakuna atakayetugusa. Jumamosi tunaanza mlango wa gereza. Ule wa sasa ni wa mwembe, umeoza chini."

Ule mlango naujua. Nimelala mbele yake siku kumi na moja. Kupitia pale palipooza, mke wa mzee mmoja wa Umatumbi alikuwa akipenyeza mihogo ya kuchemsha asubuhi, na mzee yule akinimegea nusu, ingawa hakunijua jina. Bado yumo. Mfaume anataka mie nimzibie tundu lake, kwa mninga wangu.

Sikumpiga wala sikumtukana. Niliona randa langu pale mezani, nikalitazama tu, nikaondoka.

Nilijiambia: Zaina hajui. Zaina asijue. Nitabeba hili peke yangu kama nilivyobeba yale mengine.

Alasiri akaja, kanga imelowa, amebeba bakuli la wali na samaki. Mwanaidi akanyanyuka akaingia ndani bila kumwamkia. Zaina akanishika mkono akaubusu kama afanyavyo tangu utotoni, kisha akataka kunitazama mgongo. Nikamkatalia. Akaanza kulia, na jinsi alivyolia ndivyo nilivyojua.

"Zaina. Ulijua?"

Akatazama mvua.

"Aliniambia kabla hajaenda kwa karani," akasema. "Akasema ni mimi au kaka yako. Nilikaa sana, kaka. Kisha nikamwambia, nenda."

Nilimuuliza kwa nini hakunijia hata kwa neno moja, nikakimbia.

"Ungekimbia wangemchukua yeye. Wewe una moyo mgumu, kaka. Nilijua utavumilia."

Yeye alinipima sawasawa. Hilo ndilo linalonishinda kulisema hata kwa Mwanaidi. Mfaume alinidhania mwoga. Zaina alinijua hasa nilivyo, akanitoa kafara kwa sababu hiyo hiyo.

Sikumlaani. Nilimwambia wali ni mzuri. Alipoondoka aliniambia kesho ataleta uji wa mchele, nisiache kula, nirudishe nguvu kabla ya Jumamosi.

Baada ya hapo Mwanaidi alitoka ndani, tukazungumza kwa maneno machache. Mlango wa gereza sitautengeneza. Nikikataa hapa Kibiti, nitarudishwa nyuma yake. Kwa hiyo tutaondoka. Wajomba zake wako ndani kabisa ya mikoko, ambako mtu asiyejua mikono ya mto hafiki hata akiwa na bunduki. Huko nitakata boriti kama wao mpaka vita hivi viishe, kama vitaisha. Zana sina hata moja. Mikono ninayo.

Kesho ni Ijumaa. Saa ya sala, akida, karani, Mfaume na kila mwanamume wa hapa watakuwa msikitini. Mungu anisamehe Ijumaa moja. Tutatokea nyuma, kwa njia ya mashambani, bila mzigo kichwani, kama watu waendao kuchuma mboga.

Lakini kabla ya hapo asubuhi itafika, na Zaina atakuja na uji wake. Nitaupokea. Nitakunywa mpaka mwisho, nitamuuliza hali ya watoto, nitamwambia Jumamosi naanza kazi.

Katika maisha yangu sijawahi kumdanganya dada yangu. Nitaanza kesho.