Jina Lako Halimo Katika Kitabu Changu cha Samaki

Mama yangu, Nabindu wa Nyakabere,

Mimi ndiye niliyekucheka kwanza. Ulikuwa ukitwanga majani machungu ya mubirizi uliyoyakaushia kivulini, ukayachanganya na kitunguu saumu na pumba za mpunga, ili tilapia wa bwawa letu wakue na wasishikwe na magonjwa. Nikasema samaki si watoto wa kunyweshwa dawa ya tumbo. Ukanijibu bila kuinua kichwa: "Weye, samaki nao iko na tumbo."

Msimu wa mvua uliofuata, samaki wa majirani walielea wakiwa na ukungu mweupe mgongoni. Wa kwetu waligombania chakula. Nikafunga mdomo, nikafungua daftari. Siku nyingi nilikaa nawe ukingoni, nikipima kwa mizani ya kuazima kila kiganja chako cha mchanganyiko, nawe ukinionya nisizidishe, maana mubirizi ukizidi samaki wanasusa. Ulinifundisha kwa subira, hata nilipouliza jambo moja mara tatu.

Siku ya kutetea kazi yangu ya mwisho chuoni Uvira, kitabu kilichotoka katika daftari lile, ulivaa kitenge kipya, ukakaa mstari wa mbele. Niliongea Kifaransa. Nilisema mchanganyiko wangu, utafiti wangu. Ulipiga makofi kuliko wote. Tulipotoka nje ukaniuliza polepole: "Minye sikusikia ile Kifaransa. Na jina yangu, ulitaja?"

"Ndiyo, mama. Hata mu kitabu iko."

Hilo la kitabu hukuniuliza. Lilinitoka tu, kwa aibu. Ukaitangaza habari hiyo kanisani na mashambani, nami nikakuacha utangaze. Hata siku ya mazishi yako mchungaji alisema umeandikwa chuoni, nikaitika amina.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilirefuka kwa sababu hukujua kusoma. Naona haya kuandika hivyo, mama, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Sasa Furaha, mdogo wangu, anakijua Kifaransa kunishinda. Amekiomba kitabu, awaonyeshe watoto wake jina la bibi yao. Nimeufungua ukurasa wa shukrani. Nimemshukuru Mungu, maprofesa, hata mwenye mizani. Chini yake pamebaki nafasi, na kalamu ninayo.

Sitaandika kitu. Nitampa kitabu kama kilivyo, kisha nitakaa mbele yake akikutafuta.

Pumzika, mama. Sikuombi unisamehe leo.

Mwanao wa kwanza