Herufi za Saluni ya Mpwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi. Daftari lina vumbi, mimi nina vumbi. Ngoma droo.

Kabla sijaanguka nilikuwa naandika humu kila jioni, nikitoka kazini na rangi kwenye kucha. Tangu lile anguko sijaligusa. Leo plasta imekatwa, mkono wa kulia umetoka mwembamba kama wa kuazima. Dada wa mazoezi wa pale hospitali kasema niandike kila siku, hata mstari mmoja, vidole vikumbuke. Nikamwambia vidole hivi vimeandika nusu ya maduka ya mji huu, vitakumbuka vyenyewe. Akasema, andika tu, baba.

Basi naandika. Mwandiko kama kuku kapita kwenye unga.

Jumanne, 4 Machi

Nimechoka. Mstari ni huu.

Jumatano, 5 Machi

Mpwa wangu kaja, binti wa dada. Anafungua saluni Jumamosi. "Mjomba, pale ukutani nataka maandishi ya mkono wako, siyo ya mashine. Utaweza?"

Utaweza! Nikamwambia niliwahi kuandika jina la hoteli nzima macho nimefumba, mvua inanyesha, mwenye hoteli akalia machozi. Akacheka. Halafu akaona kikombe nimekishika kwa mkono wa kushoto. Akaacha kucheka.

Mama watoto alipomsindikiza, nikawasikia dirishani. Kumbe keshatengenezesha bango la plastiki! Liko nyuma ya mlango wa saluni, limekunjwa. Mjomba akiharibu, analitundika juu ya herufi zake, watu wasione. Ila nisiambiwe, nisije nikaumia.

Nifunikwe. Mimi. Kama sufuria.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Kukunja ngumi, kukunjua, kama mtoto mchanga.

Nilikuwa nimemwambia yule dada kwamba nilianguka kutoka ghorofa ya sita nikatua kwenye lori la magodoro. Leo kampa mama watoto pole ya ghorofa. "Ghorofa ipi? Ngazi ile tunayobadilishia balbu!" Wakacheka mpaka mgonjwa wa jirani naye akacheka, na yeye ana mbavu mbovu.

Haya. Ile habari hata haihitaji chumvi. Nilimaliza herufi, nikarudi nyuma niitazame. Sisi waandika mabango ndivyo tulivyo, ukiwa karibu huoni kitu, lazima urudi nyuma. Mguu umezoea. Haukuuliza tuko juu ya ngazi au tuko chini.

Lakini herufi ilikuwa nzuri! Niliiona vizuri sana wakati nashuka.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu S kwa chaki kwenye ukuta wa uani. S ndiyo inayompima fundi. Nyingine zote ni fimbo na duara, hata mimi niliyeikimbia shule nazimudu. S inataka pumzi moja, hutakiwi kusita. Nikasita kwenye tumbo la herufi. Nikafuta. Nikasita tena.

Yule fundi viatu tunayemwita Kidevu akachungulia juu ya ukuta. "Kaka, nyoka huyo kagongwa na gari?"

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo mitindo ya sasa, imetoka ng'ambo, yeye kwenye soli atajulia wapi. Akacheka akaenda zake. Nikaingia ndani nikalala na viatu.

Mama watoto kanivua. Hakunichokoza. Kama hata yeye hanichokozi, basi hali ni mbaya. Kaniwekea daftari kitandani: "Mzee, andika yako, kisha upumzike."

Nimeandika.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekalia kopo la rangi mbele ya saluni. Kalamu ya risasi. Wageni wanakuja mchana.

Mpwa kanishikia ngazi tangu asubuhi, mkono mmoja kwenye ngazi, mwingine kwenye mkanda wa suruali yangu. Nikamwomba nirudi nyuma kidogo tu. "Mjomba! Huko nyuma kuna hewa!"

S imenitoa jasho. Kwenye tumbo lake mkono ukakwama. Nikaukamata kifundo kwa mkono wa kushoto, nikausukuma kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Ukapita. A. L. U. N. Ikabaki I, fimbo tu, mtoto angeiweza. Nikashindwa kuinua brashi. Nikashuka.

Herufi sijazitazama. Nimezipa mgongo. Nimechoka jamani, hata ulimi wa uongo umechoka.

Mpwa kavuka barabara kuzitazama. Kakaa huko. Kainamisha kichwa upande huu, kisha upande huu. Akarudi, kanipita bila utani wowote, kaingia ndani. Nyuma ya mlango ndipo bango lilipo. Nasikia anaburuta kitu. Plastiki iliyokunjwa inaburutika hivyo? Sijui. Mimi ni mtu wa rangi.

Brashi sijaiosha. Ikikauka hivi basi.

Nautazama mwandiko wangu wa leo. Mstari haujalala upande.

Katoka. Kasimama nyuma yangu. "Mjomba, hebu nyanyuka. Nalitaka hilo kopo."

La kupandia atundike bango, au la rangi tumalizie I? Sijamuuliza. Nanyanyuka, brashi ninayo —