Panya wa Chini ya Ngazi

Jumanne, jioni

Mchicha wangu wa kwenye makopo unastawi kwa sababu naunywesha maji niliyooshea dagaa. Tatizo ni harufu.

Leo mwenye nyumba kapanda hadi huku ghorofani, kashika pua. "Shikamoo bibi. Humu kuna panya kafa."

"Marahaba mwanangu. Hata mimi namsikia tangu juzi."

Tukamtafuta mpaka chini ya ngazi, mimi nikimmulikia tochi. Alishasema makopo yakileta kero kibarazani yatashuka yote. Na mimi bila kulima, nikae nikimwangalia mkwe wangu akipika? Nitaugua.

Hakumpata. Nikamfungia mchicha wa kumpa pole, akashukuru sana.

Kesho naumwagilia maji matupu. Mungu anisamehe, ila yule panya nimemtafuta kwa bidii kumpita yeye.