Ua la Ashatu

Bagamoyo, Machi 1947

Mwanangu Mwanamvua,

Salamu nyingi. Baba yako hajambo, bibi yako hajambo, shangazi Mgeni hajambo. Dada yako Ashatu bado hawezi. Hata kombe, aya alizoandikiwa na mwalimu sahanini zikaoshwa anywe, halimpiti kooni. Maji ya aya hayamwagwi penye kukanyagwa, basi yakibaki nilikuwa nayatia kwenye ua lake la dirishani. Nimelizamisha, limeoza lote. Kitandani alipolala halioni, basi kila asubuhi huuliza, “Mama, ua langu limechanua?” Nami namwambia, “Limechanua, mwanangu.”

Wewe ulikwenda na jani la ua hilo Tanga, ukalipanda koponi, likaota. Nilitaka unitumie jani moja, lakini jani ni la kungoja miezi, na dada yako simwoni akingoja. Lilete kopo zima, wewe mwenyewe. Nijibu upesi, unafika lini?

Mama yako