Kishikio cha Upande wa Kushoto

Mbamba Bay
6 Mei 2024

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na dada Zita hajambo? Sisi huku wazima. Beatha anakusalimu sana.

Baba, nina shida ya kifundi. Steven, yule bwana wa nyumba ya wageni, amehama na ameniachia kayaki yake, ule mtumbwi mwembamba wa plastiki wa kukaa mtu mmoja. Siku hizi navua nayo kwa fimbo yenye uzi. Tabu ni kwamba nikipiga kasia sina pa kuiweka fimbo. Wiki iliyopita niliibana kwa goti, samaki akaivuta, ikazama na uzi wake wote. Nimepata nyingine, sitaki nayo iende.

Naomba unitengenezee kishikio kwa vipande vya bomba vilivyobaki karakanani. Kikae upande wa kushoto. Kayaki yenyewe nisingependa kuitoboa, labda kifungwe kwenye ubao. Mpe dereva wa Haisi, atanifikishia.

Mwanao,
Evarist

* * *

Mbinga
15 Mei 2024

Evarist,

Milele amina. Marahaba. Mgongo unauma wakati wa kuinama tu. Zita hajambo, yuko kwenye kahawa.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu sikuipenda. Kwanza, mwandiko. Wewe nimekufundisha mimi kuandika vipimo kwenye mbao, nakujua. Hizi herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Pili, wewe ni kuli wa bandarini. Saa za kuvua umezipata wapi? Tatu, mtu anayetumia mkono wa kulia anaomba kishikio cha kushoto kwa nini?

Na huyo Steven, mtu anahama na kuacha chombo cha thamani namna hiyo? Isije ikawa natengeneza kishikio cha kitu cha wizi.

Simu unajua sisikii, mashine za kukata chuma zilishanimaliza masikio. Nimemwambia Zita apige. Mara nne, mara zote amepokea Beatha, na mara zote wewe uko ziwani.

Kama kweli ni wewe, nijibu hili: ulipokuwa darasa la saba ulivunja nini karakanani, tukakubaliana mama yako asijue?

Baba yako,
Romanus

* * *

Mbamba Bay
23 Mei 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mnaendelea vizuri. Sisi tuko salama.

Nilivunja pima maji yako mpya, nikamwaga maji yake ya kijani kwenye maranda. Ulisema, "Tutasema imeanguka yenyewe." Mama alikufa bila kujua.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu naandikia magotini. Kazi bandarini zimepungua. Kayaki si ya wizi, Steven aliiacha mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Upande wa kushoto ni kwa sababu ya upepo tu.

Naomba kishikio, Baba.

Mwanao,
Evarist

* * *

Mbinga
2 Juni 2024

Evarist,

Marahaba. Sisi wazima.

Jibu lako ni sahihi, na hilo ndilo limeninyima raha. Nilipodhani ni mtu mwingine anaandika kwa jina lako, nilikuwa na hasira tu. Sasa najua ni wewe, na najua unanidanganya. Upepo wa ziwani haukai upande mmoja. Hata mimi wa milimani najua hilo.

Bomba nimeshalikata. Liko juu ya meza na halitoki hapa mpaka uniambie unachoficha. Umefukuzwa kazi? Umegombana na mkeo? Kuna mtu unamkimbia?

Romanus

* * *

Mbamba Bay
19 Juni 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Habari za siku? Tangu ile ya tarehe 2 sijapata barua yako nyingine. Dereva anasema hujampa kitu. Mimi sina ninachoficha. Kama umekasirika, basi, nitafunga fimbo kwa kamba.

Mwanao,
Evarist

* * *

Mbinga
9 Julai 2024

Mwanangu Evarist,

Marahaba. Mimi mzima wa mwili.

Ijumaa ya tarehe 21 Juni nilikuja Mbamba Bay. Sikumwambia mtu. Nilitaka kukufumania. Nimeona aibu, lakini ndivyo nilivyokuja.

Nilimkuta Beatha anaanika mihogo. Akapiga magoti, akanisalimu, kisha akaanza kulia kabla sijauliza lolote. Nikamwambia, "Mume wako yuko wapi?" Akanyoosha kidole ziwani. Nikakuona, si mbali na ufukwe. Uliinua mkono wa kulia kufuta uso, nikaona vidole viwili tu.

Beatha akanisogelea sikioni. "Kamba ya meli, Baba. Mwezi wa pili. Ilimbana kwenye nguzo. Hospitali wakakata vitatu."

"Mbona sikuambiwa?"

Akainamia mihogo yake. Nikamwambia, "Sema, binti yangu."

"Anasema ulimfukuza Tobias."

Evarist, nilikaa kwenye kigoda cha mkeo. Tobias alinifanyia kazi miaka kumi na moja. Mashine ilipomkata mkono nilisema mbele ya watu wote, "Mtu wa mkono mmoja nitamfanyia nini?" Ulikuwa umesimama mlangoni. Nilidhani nazungumza na Tobias, kumbe nazungumza na wewe pia.

Sikukusubiri. Nilimwomba Beatha asikuambie, nikapanda gari la kurudi.

Jumatatu nilikwenda Namswea. Tobias anaishi huko, analima. Alinipa kiti, akabaki amesimama. Akauliza, "Fundi, umekuja kuniajiri au kuniuliza?"

Nikasema, "Nimekuja kuomba msamaha. Na kuuliza, ukinikubalia."

Hakusema amenisamehe. Alichukua lile bomba nililolikata, nilikuwa nimekwenda nalo, akaligeuza, akacheka. "Hili umemtengenezea mtu mwenye mikono miwili." Alikuja Mbinga kesho yake, tukafanya kazi siku tatu. Mdomo wa bomba tumeupasha moto juu ya jiko tukaupanua uwe kama faneli, ili fimbo iingie bila kulenga. Mkato wa kukalisha kigurudumu cha uzi unaangalia mkono wako mzima. Bomba limelala kidogo kwa mbele, ulione bila kugeuka. Ubao unakaa kwa kukingama mbele ya magoti, unaufunga kwa mipira ya baiskeli. Fundo lake Tobias amelifunga kwa mkono mmoja na meno. Nilijaribu mimi, nikashindwa.

Kifurushi anacho dereva. Usinijibu kama hutaki.

Baba yako,
Romanus

* * *

Mbamba Bay
22 Julai 2024

Mpendwa Baba,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Natumaini wewe na dada Zita mnaendelea vizuri.

Kifurushi nilikipata tarehe kumi na mbili. Kishikio kilikaa mahali pake bila kusogea. Siku ya tatu nikiwa napiga kasia, samaki mbasa alikamata ndoano, fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Sikuishika mara moja. Niliweka kasia magotini kwa utulivu wangu wote, nikaitoa kwa mkono wa kushoto. Tumemla kwa ugali, nusu Beatha akampelekea jirani.

Sasa na mimi niseme. Ijumaa ile nilikuona. Kofia yako na mwendo wako, ningekujua hata ungekuwa ng'ambo ya ziwa. Ulipokaa kwenye kigoda nilikuwa nakuangalia. Nikazungusha kayaki nyuma ya mawe, nikakaa humo kimya mpaka nikaona gari linapanda mlima. Nilijiambia umekuja, umeniona, umeondoka, kama nilivyojua utafanya. Karibu wiki tatu niliishi na hilo. Barua yako nilimpa Beatha anisomee, nikatoka nje kabla hajamaliza.

Simlaumu mtu. Wewe uliondoka, na mimi nilijificha.

Jumamosi napanda Haisi ya asubuhi kuja Mbinga. Mwambie Tobias, kama bado yuko hapo. Najua Julai huko kwenu ni baridi kali, lakini nakuja na shati la mikono mifupi, mkono uonekane.

Mwanao,
Evarist